Kibwana Auamkia Mji Mkongwe

Huyu ni Kibwana. Ana miaka miwili, tumbo la mviringo, na suruali isiyokubali kukaa kiunoni.

Huyu ni Semeni, dada yake. Yeye yuko darasa la pili na anajua mambo mengi. Usipomuuliza, atakwambia mwenyewe.

Kwao ni Morogoro, chini ya mlima. Lakini wamesafiri na Baba na Mama. Wamepanda basi. Wamepanda boti. Baba ametapika kidogo. Sasa wako Unguja.

Jana Mama aliwaambia kwamba watakwenda kuuona Mji Mkongwe. Kibwana akauliza mkongwe ni nani. Mama alikuwa anakunja nepi. Akajibu bila kugeuka kwamba mkongwe ni mzee. Mzee sana, kumshinda hata babu.

Mama akaendelea kukunja nepi zake. Hakujua amesema nini.

Maana Kibwana, jamani, hajui kuvaa viatu, na supu anaila kwa mikono. Lakini adabu anayo. Ukimwona mzee, unamwamkia. Mzee anaitikia marahaba. Ndipo unakwenda zako.

Asubuhi wakaingia Mji Mkongwe. Vichochoro vyembamba. Kuta ndefu. Mama amebeba begi. Baba ameshika ramani mkono huu, na mkono huu poti ya Kibwana. Ni poti ya bluu. Watu wote waliiona.

Kibwana akasimama mbele ya ukuta. Ukuta mnene, wa zamani, rangi imebanduka huku na huku. Akapandisha suruali.

"Chikamoo, Mji," akasema.

Mji kimya. Kimya kabisa.

Semeni akamweleza kwamba ukuta hauna mdomo. Baba akamweleza kwamba yako mengi ya kuona, yote yapo kwenye ramani. Kibwana hakusogea. Mtu haondoki kabla hajaitikiwa.

Baba akambeba. Kibwana akalia. Waaa! Waaa! Paka waliokuwa wamelala kichochoroni wakahama mtaa.

Mbele wakakuta mlango. Mlango mkubwa, umechongwa maua, una misumari ya shaba iliyotokeza nje. Kibwana akashuka. Akagonga. Ngo, ngo, ngo.

"Chikamoo, Mji."

Mlango ukafunguka. Kwiiii. Akatokea mama mmoja mnene, mikono imejaa unga. Jina lake Bi Raya.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Raya. "Hujambo?"

Kibwana akamtazama kuanzia mtandio mpaka ndala. Akatikisa kichwa.

"Chi wewe," akasema. "Mji."

Mama yake akatamani ardhi ipasuke immeze. Lakini Bi Raya alicheka mpaka akaegemea mlango. Akaingia ndani, akarudi na kashata. Kibwana akaipokea kashata. Hasira ni hasira, na kashata ni kashata.

Wakaenda. Wakakuta baraza ndefu ya mawe. Wanaume wamekaa wanakunywa kahawa na kubishana mpira. Kibwana akaipiga baraza kwa kiganja. Pa, pa, pa.

"Chikamoo, Mji."

"Marahabaaa," wakaitikia wanaume wote.

Kibwana akawapitia mmoja mmoja. "Chi wewe. Chi wewe. Chi wewe." Akafika wa mwisho, mwenye kofia. "Chi wewe. Mji."

Mwenye kofia akapaliwa na kahawa. Kho, kho, kho. Wakamuuliza Baba, huyu mtoto anamtafuta nani hasa? Baba akaeleza yote, poti mkononi. Siku hiyo mpira ulisahauliwa. Walicheka tu.

Baba akachoka. Akamnong'oneza Mama kwamba amepata akili. Akatangulia mbele, akajificha nyuma ya nguzo nene.

"Chikamoo, Mji," akasema Kibwana.

"MARAHABA, KIBWANA," ikajibu nguzo, kwa sauti nzito.

Kibwana akatulia. Akasogea. Akachungulia. Upande huu wa nguzo kulikuwa na kiatu. Upande huu kulikuwa na poti ya bluu.

"Baba," akasema, kwa huruma. "Toka."

Baba akatoka.

Sasa Kibwana hakulia kwa kelele. Alikaa chini, pale pale kichochoroni. Mdomo wa chini ukaanza kutetemeka. Akamtazama dada yake.

"Mji hapendi mimi?" akauliza.

Semeni alikuwa amenuna tangu asubuhi. Alikuwa anataka aiskrimu. Lakini aliposikia hivyo, moyo ukamuuma. Yeye anayejua mambo mengi, hili hakulijua. Akakaa chini naye, akamshika mkono.

Mara mvua. Pa! Pa! Papapapa!

Wakakimbia. Mama na begi, Semeni na Kibwana, Baba na poti kichwani, ndiyo ilikuwa mwavuli. Wakaona jumba moja la zamani, mlango wazi. Wakaingia.

Ndani mlikuwa mtupu. Hakuna kiti. Hakuna meza. Hakuna mtu. Kuta tu, na dari, juuu kabisa.

Kibwana akasimama katikati ya ukumbi. Matone yanamdondoka puani. Akapandisha suruali. Akavuta pumzi yote iliyokuwemo tumboni, na lile tumbo mnalijua.

"CHIKAMOOO!"

Kimya kidogo.

Halafu juu, na pembeni, na kila mahali:

"Chikamooo... kamooo... mooo..."

Mama akashika kifua. Baba akavua poti.

Semeni alijua ule ni mwangwi. Sauti imegonga ukuta, imerudi. Walifundishwa shuleni. Akafungua mdomo aeleze. Akaona uso wa mdogo wake. Akafunga mdomo. Tangu azaliwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza.

Kibwana alikuwa anageuka geuka. Nani anaamkiwa? Akatazama nyuma. Hakuna mzee. Akatazama mlangoni. Hakuna mzee. Ni Kibwana tu.

Mji Mkongwe, mzee kumshinda hata babu, umempa shikamoo Kibwana.

Na Kibwana, maskini, hajawahi kuamkiwa na mtu. Hata kuku hawajawahi kumwamkia.

Akatoa tumbo mbele. Akaweka mikono nyuma, kama babu. Akakohoa kidogo. Kho.

"Mahaba," akaitikia, kwa sauti nzito.

Alitaka kusema marahaba. Lakini ulimi wake bado mdogo, na neno lile ni refu.

"Mahaba... mahaba..." ukasema Mji.

Mama akafuta macho. Akasema ni maji ya mvua. Haya.

Kibwana akamkimbilia dada yake. Suruali ikabaki nyuma kidogo.

"Mji kasema," akamwambia. "Dada, Mji kasema."

"Nimesikia," akasema Semeni. "Kasema mahaba. Mahaba ni mapenzi. Anakupenda sana."

Kibwana akacheka mpaka akakaa chini. Akaupapasa ukuta, taratibu, kama mtu anayemaliza mazungumzo. Kisha akanyoosha mkono, tayari kwenda. Mvua ilikuwa imekatika. Wakala aiskrimu, wote wanne, na ramani haikufunguliwa tena siku ile.

Jioni wakawa gesti. Wameoga. Wamekula. Chandarua kimeshushwa. Ni wakati wa kulala.

Lakini Kibwana halali. Amekaa kitandani, tumbo mbele, mikono nyuma. Anangoja.

Mama akamuuliza kama anataka maji. Hataki. Baba akamuuliza kama anataka poti. Hataki. Anangoja tu.

Baba ndiye aliyeelewa. Mtu aliyeamkiwa na Mji mzima, mambo yake yamebadilika.

"Shikamoo, Kibwana," akasema Baba.

"Mahaba," akaitikia Kibwana.

"Shikamoo, Kibwana," akasema Mama, kicheko kimembana.

"Mahaba."

Kisha Kibwana akamgeukia dada yake.

Semeni akakataa. Mtu wa darasa la pili hamwamkii mtu anayevaa nepi. Akalala, akaelekea ukutani, akavuta shuka mpaka masikioni.

Taa ikazimwa. Kibwana akajilaza kando yake. Chumba kikawa kimya. Kimya kabisa.

Semeni akaukumbuka ule mdomo wa chini uliotetemeka kichochoroni. Akaguna.

"Haya," akasema, mdomo ndani ya mto. "Chikamoo."

Hakuna jibu.

"Kibwana. Nimesema chikamoo."

Hakuna jibu. Kibwana alikuwa ameshalala zamani.

Basi Semeni akangoja. Hata yeye, aliyekataa, sasa alitaka kuitikiwa. Akangoja, akangoja.

Kibwana akageuka usingizini. Akamtupia dada yake mguu tumboni. Akaukumbatia mkono wake. Akakoroma. Khrrr.

Semeni akalifikiria jibu hilo. Akaona linatosha, akalala.