Waya wa Shaba Chini ya Usukani

Jumamosi ile nilitoka Mkuyuni saa kumi na mbili kasoro jioni, nimebeba karatasi za msasa na kopo la grisi, nina haraka kama mtu aliyeacha maharage jikoni. Dukani nilimwachia mume wangu funguo bila hata kumuaga vizuri. Nilikuwa nawahi gari.

Na kabla hujanicheka, ngoja nikwambie ni gari gani. Land Rover Series Two ya mwaka 1959. Namba ya chesisi niliitafuta mwenyewe, nimelala chali, nikisugua kutu kwa brashi ya waya karibu na springi ya mbele kulia mpaka tarakimu zikatokea moja moja. Injini ni ya kwake, si ya kupandikiza. Taa za mbele bado ziko katikati, si kwenye madigadi kama za miaka ya baadaye. Katika kundi letu la WhatsApp la wapenda Land Rover za zamani kuna wanaume thelathini na mbili na mimi Farzana, mwanamke peke yangu. Wote waliniambia natafuta kitu kisichokuwepo Kanda ya Ziwa yote. Nikalipata Busisi. Wakome!

Nililipata kwa bibi mmoja mjane anaitwa Malimi, nyuma ya nyumba yake, chini ya banda la nyasi, kuku wamelalia ndani. Nikamwamkia, akaitikia, tukaelewana. Gari linapandishwa kwenye lori, akanishika mkono.

"Mwanangu, mengine yote fanya upendavyo. Ila ule waya wa shaba chini ya usukani, usiutoe."

Nikamwambia sawa, bibi. Ile sawa ya kumridhisha mtu mzima.

Sasa mimi nina ugonjwa wangu, na kila anayenijua anaujua. Gari langu lazima liwe kama lilivyotoka kiwandani. Bolti isiyo yake, natoa. Rangi ya juu, nakwangua mpaka nifike ya kwanza. Mwezi mzima pale Pasiansi, kwenye banda nyuma ya nyumba yetu, mimi na mdogo wangu Zain tulikuwa tunatoa visivyo vyake: kiti cha basi, taa za pikipiki, bampa la kuchomelea. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu.

Zain hapendi magari hata kidogo. Ana miaka ishirini na sita, ni mshambuliaji wa timu ya mtaa, na harusi yake ilikuwa imepangwa Desemba. Alikuwa analala chini ya lile gari kwa sababu dada yake amemwomba, basi.

Nilimkuta tayari yuko chini, juu ya boksi, anakwangua tope la miaka. Mbele tulikuwa tumeliinua kwenye stendi mbili, nyuma tumeweka mawe. Jua lilikuwa linazama, vyura wanalia nje, na harufu ya dagaa wa kuanikwa imejaa banda zima.

"Umechelewa," alisema toka chini. "Hili gari lingekuoa, dada."

"Lingekuwa mume mzuri, halina maneno mengi. Kwangua!"

Nikachukua koleo, nikaingia garini, nikainama chini ya usukani. Waya ulikuwa umezungushwa mara nyingi juu ya kipande cha kaniki, umekazwa hasa. Nikakata. Fundo la kwanza. La pili. La tatu likanichana kidole. Kaniki ikafunguka, ndani yake singa za mkia wa ng'ombe, hakuna kingine. Nikacheka peke yangu. Nikashuka, nikauweka waya na kaniki yake mezani, nikawa nanyonya kidole.

Vyura wakanyamaza.

Wote. Kwa pamoja.

Kisha ikaja harufu... si ya dagaa. Ngozi mbichi, ile ya machinjioni, inatoka ndani ya gari.

"Dada..." Zain alinong'ona. "Umeshika usukani?"

"Niko mezani."

"Mbona magurudumu yanageuka?"

Nikatazama. Kweli. Yalikuwa yanageuka polepole. Kulia... kushoto... kulia...

"Toka chini, Zain."

"Siwezi. Nimeshikwa mguu."

"Usinitanie, wewe!"

"Dada... kuna mtu huku. Ananipumulia."

Ndipo injini ikawaka.

Nataka unielewe vizuri. Betri ilikuwa dukani inachajiwa. Tangi la petroli tulilishusha asubuhi, lilikuwa limelala kwenye nyasi, kavu. Injini ile ilikuwa haijawaka kwa zaidi ya miaka thelathini. Iliwaka mara moja, bila kukohoa.

Gari likaruka kutoka kwenye stendi. Ekseli ikamwangukia Zain pajani na nikasikia mfupa ukivunjika, sauti ya kuni kavu. Akapiga yowe. Gari likaenda mbele, likamburura, likagonga ukuta, matofali yakamwagika. Likarudi nyuma. Likaenda tena. Likawa linamsaga palepale, huku na huku.

Na mimi nimesimama.

Sijui nikuelezeje. Ule mlio... Nilikuwa nimeuota mwezi mzima. Mzito, wa chini, silinda nne zinapokezana, hakuna hata moja inayokosea. Sijawahi kusikia injini nzima namna ile. Zain aliniita. Nilimsikia, lakini kama mtu anayeitwa nyumba ya jirani. Akaniita tena. Nikawaza, ngoja kwanza. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyowaza. Ngoja kwanza.

Damu ndiyo iliyoniamsha. Gurudumu lilimpitia, ikanirukia usoni, ya moto, ikaingia mdomoni.

Nikapiga kelele sijawahi kupiga. Nikakamata nyundo, nikapiga redieta, nikapasua boneti, nikang'oa nyaya zote za plagi kwa mkono. Likaendelea kunguruma. Nikabeba waya na kaniki, nikarukia ndani, mlango ukanibana bega na kuachia, ukanibana tena. Nikauzungusha ule waya kwa mikono mitupu, unanikata viganja, usukani unateleza kwa damu yangu. Kitu kikanishika kifundo cha mkono. Hakikuonekana. Kilikuwa na vidole.

Nikakiuma. Nakwambia nilikiuma kwa nguvu zangu zote, na kilikuwa na nyama.

Kikaachia. Nikazungusha, nikakaza, nikazungusha...

Likazima.

Majirani waliliinua gari kwa mikono, wanaume tisa. Zain alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kabla hakujapambazuka.

Siku ya nne nikavuka daraja kwenda Busisi. Bibi Malimi alikuwa anamenya karanga mlangoni. Sikumwamkia. Maisha yangu yote sijawahi kumpita mtu mzima bila shikamoo, lakini siku ile nilikuwa nimejaa hasira mpaka kooni.

"Kwa nini uliniuzia?"

Akatazama bandeji mikononi mwangu. "Umeutoa."

"Nakuuliza, kwa nini uliniuzia!"

"Nilikwambia, mwanangu. Ukasema sawa."

"Ni nini kile, bibi?"

"Sijui. Tulilinunua likiwa naye. Mganga alisema huyo hatoki, labda kumfunga." Akaweka ungo chini. "Ulisimama?"

Nikatazama karanga kwenye ungo.

"Mume wangu alisimama," akasema. "Chenge wetu alikuwa na miaka saba, alikuwa anacheza nyuma ya gurudumu. Baba yake alisimama anasikiliza mpaka mtoto akanyamaza. Hakuniambia mpaka siku anakufa."

Nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda, tukakaa pale, yeye akimenya, mpaka karanga zikaisha.

Zain alianza kuongea vizuri wiki iliyofuata. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani: kwamba niliteleza kwenye grisi, kwamba nyundo niliitafuta nikaikosa. Nikakaa pembeni ya kitanda chake cha hospitali, nikayasema yote, na kulia nikalia. Kilio kilikuwa cha kweli.

"Dada," akasema nilipomaliza, "mimi nilikuwa chini. Uso wako sikuuona. Niliona miguu."

"Ndiyo, si nakwambia niliteleza..."

"Hukuteleza. Kiatu chako cha kulia kilikuwa kinapiga chini. Taratibu. Kinafuata mlio."

Akageuzia uso ukutani.

"Nilikuita mara nne. Hakikusimama hata mara moja."