Bwawa la Mungu Mwenye Wivu

— Sipandi, Kozue. Kingine chochote, lakini hicho sipandi.

— Boti la kukanyaga pedali tu, Nori? Ona bibi yule, kapanda na mbwa wake!

— Mbwa hana mpenzi.

Kozue akashika kiuno. Tangu ateremke kwenye treni kutoka kwao Akita jana, Tokyo ilikuwa imemlevya. Alivuka njia panda ya Shibuya akarudi akavuka tena, kwa raha tu ya kumezwa na watu. Mtaani Asakusa alikula vitamutamu mpaka vidole vikanata. Na Norihito, mwanamume aliyempenda kwa simu miaka miwili mizima, alikubali kila alichotaka. Sasa wamefika bustani ya Inokashira, jirani kabisa na anapoishi, ndipo kageuka gogo.

Jumatatu Kozue alitakiwa kutoa jibu kazini: ahamie hospitali ya Tokyo awe karibu naye, au abaki kwao. Alikuja na "ndiyo" mdomoni. Sasa alianza kuogopa kulitoa.

Simu ikalia. Ujumbe wa dada yake, Sanae: "Vipi, umeshaamua?"

Akaandika: "Hataki tupande boti. Ni karibu na kwake."

Jibu halikuchelewa: "Hataki kuonekana na wewe! Ana mtu hapo jirani. Rudi nyumbani, mdogo wangu."

Kozue akamsogezea Norihito simu usoni.

— Soma. Halafu niambie dada yangu mwongo.

Norihito akasoma, akaiva uso mpaka masikio.

— Si hivyo! Ni Benten, mungu wa kike wa hekalu lile pale. Ana wivu. Wapenzi wakipanda boti hapa, wanaachana. Tokyo nzima inajua!

— Wewe mhandisi wa madaraja ndiye unaniambia hayo?

— Niliwahi kupanda. Haukupita mwezi, kwisha habari.

— Ulipanda na nani?

Norihito akatazama maji.

— Na Ritsuko. Zamani, kabla yako.

— Ahaa! Mzuri?

— Kozue, tafadhali...

— Nimeuliza, mzuri?

— Alikuwa ananichagulia mpaka soksi.

Kozue alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Hofu yote ikamtoka, akaona jinsi anavyompenda mjinga huyu. Akageuka, akaelekea hekaluni, akakutanisha viganja na kusema kwa sauti, waumini wakageuza shingo:

— Mama Benten, mimi ni Kozue wa Akita. Asante kwa kumwondoa Ritsuko. Kazi safi sana! Sasa huyu niachie mimi.

Norihito alikuwa nyuma yake, ameficha uso kwa kofia.

— Unatuaibisha!

— Nimeshamalizana naye. Si anawaonea wivu wapenzi? Basi tusipande kama wapenzi. Nioe.

— Hapa?

— Ulitaka wapi, bafuni?

— Kesho, Kozue! Nilipanga kesho, juu ya Mnara wa Tokyo! Pete ipo nyumbani! Wiki nzima nafanya mazoezi mbele ya kioo!

— Haya, niambie ulichokiambia kioo.

Norihito akaisahau hotuba yote. Akamshika mikono yote miwili, macho yamejaa machozi.

— Nakupenda. Usirudi Akita.

— Sirudi, bwana. Sirudi.

Bibi wa mbwa, aliyekuwa ndiyo kwanza anateremka kwenye boti lake hapo kando, akapiga makofi.

— Hongereni, wanangu! Pandeni basi, kiti bado kina joto.

Norihito akatanguliza mguu. Kozue akakaa kando yake, akamwandikia dada yake: "Nahamia Tokyo. Ananioa!"

"Hee! Na yule mwanamke wa jirani?"

"Yupo kweli. Nimeshaongea naye, kaniachia."