Msailiwa wa Kumi na Mbili

Waliokaa kwenye zikri walikuwa watu kumi na mmoja, lakini rekodi ilikuwa na sauti kumi na mbili. Mwanaanthropolojia alizihesabu mara tatu, chai ikimpoea mezani. Miaka ishirini akiwatafiti masufi, hakuwahi kukosea hesabu. Basi akafanya wanavyofanya wasomi: kila sauti akaipa namba, na ile ngeni, iliyokuwa ikihema tu, akaiandika "Msailiwa wa 12".

"Profesa," mumewe alimtania kutoka jikoni, maana uprofesa wenyewe ulikuwa ujadiliwe Jumatatu. "Huyo anayehema ana pumu?"

"Rekodi nimeshaizima, mume wangu."

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa sebuleni mchana kweupe. Mumewe akatokea mlangoni; kidole chake kidogo kikapinda kinyumenyume, kikavunjika, kikafuata cha pili, na cha tatu, naye akipiga mayowe huku kitu kisichoonekana kikimburuta kwa koo sakafuni, kikimbamiza uso ukutani mara moja, mara mbili, mpaka jino likaruka na kudondokea kwenye kikombe cha chai.

Khalifa, kiongozi wa zikri ile, alipopigiwa simu alifika mbio. Akauliza swali moja tu. "Mwanangu, kwenye rekodi dua ya kufunga zikri iko wapi?"

"Nilizima mashine kabla. Si ni ileile kila wiki?"

"Tunafunga kwa sababu wapo wanaokuja bila kualikwa. Wewe kila ukiicheza hiyo unafungua mlango, hufungi. Na sasa kimeshamjua mumeo. Ukiicheza tena, kitamrudia yeye."

Akasoma dua mpaka kanzu ikalowa jasho. Vioo vya dirisha vikapasuka vyote kwa pamoja, harufu ikaisha. Rekodi ikafutwa mbele yake.

"Kuna nakala nyingine?" mumewe aliuliza, midomo imevimba.

"Hakuna."

Alijichukia palepale. Lakini sura ya tano nzima ya kitabu chake ilisimama juu ya sauti ile, na nakala ilikuwa ofisini.

Jumatatu, mwenyekiti wa jopo akasema, "Haya, tumsikie huyo wa kumi na mbili."

Akabonyeza. Zikri ikapanda. Akahesabu: kumi na moja. Akahesabu tena: kumi na moja. Wajumbe wakatazamana, mmoja akacheka.

Simu yake ikaita.

"Mke wangu," mumewe alinong'ona, "ulisema hakuna nakala."

Karibu kabisa na simu, mtu mwingine alikuwa akihema. Kisha akasikia mfupa ukivunjika.