Aliyepokea Simu za Mama

Dada wa mapokezi ndiye aliyeiona kwanza ile taa ndogo. Ofisi nzima ilikuwa imetoka kwenda kula, simu mpya zimelala juu ya meza, lakini kwenye kioo chake, kinachomwonyesha nani yuko kwenye simu na nani hayuko, namba ya ndani 409 ilikuwa inawaka kijani. Kijani maana yake mtu anaongea.

"Fundi," akaita, "409 ni ya nani?"

Fundi wa simu alikuwa chini ya meza akibana waya. Akajigonga kichwa.

"Si ya mtu. Ni hitilafu tu, itazima yenyewe."

"Hitilafu gani inapiga soga mchana kutwa?"

Fundi akarudi kwenye waya wake. Hofu ilikuwa imemshika, lakini si ya jini. Hilo lilikuwa bado. Aliogopa kuulizwa ile namba aliitengeneza ya nini. Basi acha niseme mimi, maana yeye asingesema hata kwa kubanwa na koleo.

Kampuni ile ya kusafirisha vifurushi ilimpa kazi ya kufunga simu za intaneti. Mteja akipiga, mtambo usome namba yake, uionyeshe kwenye kioo, kisha umpeleke kwa anayehusika. Siku ya majaribio meneja na wafanyakazi walizunguka meza, spika ikafunguliwa, na simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya mama yake fundi. Mama alikuwa amechoka kumpigia kwenye simu ya mkononi bila kupokelewa, akaitafuta namba ya ofisi.

"Mwanangu," sauti ikajaa chumba, "kuhara kumekoma?"

Watu walicheka mpaka wakashikilia kuta. Tangu hapo meneja akawa anamwita Tumbo, na jina likamganda. Jioni ile ile, uso ukiwa bado unamwaka, fundi akauamuru mtambo: namba ya mama ikionekana, isije mapokezi, iende 409. Na 409 haikuwa na simu, wala meza, wala mtu. Iite huko mpaka mama achoke. Kisha akaenda zake nyumbani, akalala usingizi mnono, mwana huyo.

Lakini mama hakuchoka. Baada ya ile taa kuonekana, wateja wakaanza kulalamika kwamba sauti zinakatikakatika, na fundi akalazimika kupima ubora wa sauti, laini moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa na mikwaruzo. Moja tu ilikuwa safi kama maji ya kunywa, nayo ni ile isiyo na mtu.

Akasubiri wenzake watoke kwenda kula. Akavaa hedifoni, akaingia kwenye laini hiyo kusikiliza, maana mtambo humruhusu fundi. Kwanza ilikuja harufu, ya udongo uliotoka kuchimbwa sasa hivi, nayo ikazidi kadiri alivyoibana hedifoni masikioni, kisha kikaja kicheko cha mama yake, kile kicheko alichokuwa amekisahau kabisa, na nyuma ya kicheko, taratibu, bila haraka, kama mtu aliyeketi kitini na hana pengine pa kwenda, ikaja sauti ya mwanamume ambayo fundi aliitambua kabla hajataka kuitambua, kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe.

"Na miguu, mama? Uliikanda kwa maji ya moto?"

"Niliikanda, baba. Jana nimelala."

"Usibebe ndoo tena. Nitakuja nikuchotee mwenyewe."

Maneno hayo hakuwahi kumwambia mama yake, na aibu ndiyo iliyomchoma kabla ya woga. Ndipo ile sauti ikashuka, ikamsogelea sikioni.

"Tumbo," ikanong'ona, "si ulisema huku hakuna mtu?"

Akaing'oa hedifoni, akaifuta 409 kwenye mtambo. Simu zote za ofisi zikalia kwa pamoja, na kila kioo kikaonyesha namba ambayo haipo tena: 409. Waliorudi kutoka kula walipozipokea walisikia pumzi tu, na harufu ya udongo ikawatoka hata kwenye nguo. Karani mmoja alikimbia akaacha viatu. Meneja, aliyekuwa bingwa wa kuwacheka wanaoamini majini, ndiye aliyeagiza mganga.

Alikuja mama wa makamo mwenye miwani na mkoba. Aliuliza nani alimfungulia mgeni huyu chumba. Fundi ikabidi aseme yote, mbele ya watu. Hakuna aliyecheka, na laiti wangecheka.

Mganga akasoma dua, akanyunyiza maji. Fundi akamwomba asiuloweshe mtambo. Akaambiwa afunge mdomo. Simu zikanyamaza moja moja. Harufu ikaondoka.

"Ametoka?" meneja akanong'ona.

"Hapa ametoka. Lakini huyu hakuvunja mlango, alikaribishwa." Akamgeukia fundi. "Mpigie mama yako umwambie ukweli, na yeye amfungie mlango. Weka spika. Ulimficha mama kwa ajili ya hawa, basi wasikie."

Fundi akabonyeza namba.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mwanao. Mama... yule uliyekuwa unaongea naye mchana hakuwa mimi."

"Najua," mama akasema polepole. "Nilijua siku ile ile. Aliniuliza habari za miguu."

Wafanyakazi wakaangalia chini. Fundi alitamani wamwite Tumbo, wamtukane, chochote.

"Nisamehe, mama. Usimpigie tena."

"Sina haja ya kumpigia tena. Amekuja. Amenichotea maji, sasa hivi anaosha vyombo."

Nyuma yake sahani ziligongana. Maji yakamwagwa, hatua zikakaribia, na sauti ya fundi, safi bila mkwaruzo hata mmoja, ikauliza:

"Nani huyo, mama?"

Fundi akaishika meza. Akasikia mama yake akivuta pumzi, akifikiri.

"Hakuna mtu, baba," mama akasema. "Wamekosea namba."