Skrubu Niliyoiacha Kwenye Boti ya Basotu

Mwaka ule tulikula ugali wa njano, wa mahindi ya msaada, unanuka gunia... na ngano imejaa kote mpaka macho yanachoka! Ngano ilikuwa ya serikali. Sisi tuliitazama tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Leo ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja. Niliishia darasa la pili, lakini injini ya petroli naijua kuliko wanaume wengi wa Hanang. Sijisifu. Ndivyo ilivyo.

Mume wangu, Boay, alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba hayo ya ngano. Siku za mapumziko alitengeneza boti ya mfanyabiashara mmoja wa Katesh, iliyovua samaki ziwa Basotu. Injini ilikaa nyuma, chini ya mbao, mahali pembamba hata paka angelalamika. Mkono wa Boay ulikuwa mnene kama mchi. Haukuingia! Wangu uliingia.

Basi nililala kifudifudi, shavu kwenye grisi, nikapapasa. Plagi nilizihesabu kwa vidole bila kuziona. Platini, kile kidude kinachofunguka na kujifunga ili cheche ipatikane, nilikipima nafasi kwa kipande cha pakiti ya sigara. Nilichubuka mpaka kwenye kiwiko. Boti ikanguruma... akasifiwa Boay!

Mimi sikutajwa. Mke kulalia injini ya watu ilikuwa aibu ya mume. Nilikuja ziwani na sufuria, eti nimeleta chakula. "Shemeji, huyu mumeo ana mkono wa ajabu! Unamlisha nini?" wavuvi walinitania. Nacheka nao. Moyoni nimechoka.

Asubuhi moja nilikuwa nabadilisha platini. Mpya ilishakaa, imebaki skrubu moja kukazwa. Boay akaona wavuvi wanateremka na nyavu.

"Toka! Watu wanakuja!"

"Skrubu sijakaza, Baba Martina."

"Nitakaza mimi. Toka!"

Angekaza kwa mkono upi? Nilijua... Wasomaji wangu, nilijua! Nikatoka, nikafuta grisi kwa kanga, nikabeba sufuria yangu. Akafunika mbao, akawaambia, "Tayari."

Kati ya wavuvi alikuwemo Yohana, mdogo wangu wa tumbo moja. "Shikamoo dada. Umenibakizia?" Nikampa kiporo. Akapanda botini anatafuna. Nikanyamaza.

Katikati ya ziwa skrubu ililegea, platini ikajifunga, cheche ikakatika. Upepo ukawasukuma kwenye matete, kwa viboko. Boti ikapinduliwa. Wawili waliogelea. Yohana wangu, mtoto wa milimani, kuogelea angejifunzia wapi?

Msibani wazee wakauliza nani alishika injini ile. Boay akasimama. Miaka miwili alisema ni yeye... siku hiyo akaninyooshea kidole! "Ni huyu mwanamke. Mimi mkono wangu hauingii."

Mama akanitazama. "Mwanangu, ni kweli?"

Nikasema ni kweli. Nikaeleza habari ya skrubu, na nani alinitoa. Nani alinisikiliza? Mama hakuitikia tena shikamoo yangu mpaka tulipomzika. Ukoo ukaniita muuaji. Boay akapewa pole!

Nikahamia Mogitu na Martina wangu mgongoni, nikalima vibarua.

Mabinti, kazi mkiifanya semeni ni yenu. Na kitu kikiwa hakijakazwa, pigeni kelele hata kama mume ataaibika. Mimi niliogopa wanaume wachache wenye nyavu, nikamzika ndugu yangu. Msinifuate njia hiyo.

Baada ya mavuno Boay alikuja Mogitu na wazee wawili. Nikawaamkia, nikawapa viti. Wakasema boti imevutwa, plagi zimekuja, platini imekuja, mwenye boti anasubiri, nirudi kwa mume wangu. Yohana hawakumtaja.

"Siji. Kaingize mkono wako."

Wazee wakaguna. Mmoja akasema, "Mama, mheshimu mumeo, amekuja na watu." Boay akainamisha kichwa. Kwa sauti ndogo akasema safari hii nitafanya kazi mbele ya watu wote, wacha wamcheke.

Maneno hayo niliyangoja miaka miwili... Nikasimama, nikamfungulia mlango.

"Siji. Kaingize mkono wako."