Ndoo ya Pili

Rafiki yetu Poongodi alikwenda Rameswaram, kusini mwa India, kuoga maji matakatifu ya visima vya hekalu, kama mama yake alivyomsihi. Kabla ya kuoga akazuru magofu ya Dhanushkodi, mji uliomezwa na bahari pamoja na watu wake.

Hekaluni, penye giza, mchota maji anayeogesha mahujaji alimmwagia ndoo, kisha akarusha nyingine nyuma yake. Maji yalisikika yakipiga mwili.

"Mbona unamwaga bure, kaka?"

"Bure vipi? Na mwanao asioge?"

"Sina mtoto mimi!"

"Amekung'ang'ania sari hivyo, halafu unamkana? Una roho ngumu, dada."

Poongodi akageuka. Hapakuwa na mtu. Sakafu yote ilikuwa imelowa, isipokuwa alama mbili kavu za nyayo ndogo, zimemwelekea yeye.