Kisanduku Kilichovalishwa Sweta

Kila asubuhi Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa kupenda maneno, alipangusa cherehani ya mama yake kabla ya kwenda shule. Ukutani palikuwa na kisanduku cha intaneti chenye taa tatu za kijani, nacho alikipangusa. Ndicho kilichomletea mama oda za wateja, na Jumamosi moja mama alisubiri vipimo vya sare za shule nzima.

Lakini Jumamosi hiyo taa zilikuwa zimezimika, na chumba kilinuka plastiki iliyoungua. Chiriku alijua sababu. Jana yake alikuwa amekifunika kisanduku kwa kitambaa kizito cha sufu alichokifuma mwenyewe, kisipate vumbi. Upesi akakitoa kitambaa na kukificha kwenye mfuko wa mabaki ya vitambaa.

Fundi wa mtandao alifika na fomu mbili.

"Kisanduku hiki si chenu, mama, ni mali ya kampuni," alisema. "Kama ni ubovu wa kiwandani, waranti, yaani dhamana ya mtengenezaji, inashughulikia. Kama ni ajali, ni bima. Nijaze ipi?"

Chiriku akaduwaa. Kiko ukutani kwao, wanakipangusa wao, halafu si chao? Sasa yeye amekosea kwa nani?

"Kimekufa chenyewe. Jaza ya kiwandani," mama alijibu. "Au Chiriku, uliona kitu?"

Chiriku alinyamaza. Mama akashtuka, maana kimya cha mtoto huyo hakikuwa cha kawaida.

"Kampuni watakifungua," fundi alionya. "Wakikuta tumeandika uongo, hawaleti kingine."

Chiriku akawaza zile sare. Machozi yakamlengalenga. Akakitoa kitambaa mfukoni, kikiwa na doa la kuungua katikati.

"Ni mimi, mama. Nilidhani nakitunza. Nikaogopa."

Fundi aliangua kicheko. "Kinapumua kwa matundu haya, nawe umekivalisha sweta wakati wa joto! Basi hii ni ajali. Tunajaza ya bima."

Akafunga kisanduku kingine cha muda. Taa zikawaka, na vipimo vikaanza kuingia.

Mama akamvuta Chiriku kando. "Mwanangu, kosa la jana lilikuwa la kutojua, na hilo lina bima. Kuficha kwa leo hakuna bima inayokufidia. Ukiharibu, sema."

"Nimesikia, mama. Lakini sasa ni chetu au ni chao?"

"Ni chao. Jukumu la kukitunza ndilo letu. Ila usikivalishe tena!"